Mchapishaji anataka niuvunje utenzi wangu uwe riwaya ya kawaida

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari ya binafsi huku Muheza. Nina miaka 27, sijaolewa, naishi na mama. Mashairi nayaandika tangu nikiwa kidato cha pili na machache yamewahi kusomwa redioni. Kwa muda mrefu sasa nimekuwa nikihangaika na kazi moja kubwa: kisa cha msichana wa miaka 16 aliyepata mimba akafukuzwa shule, akajifungua, halafu akarudi darasani baada ya serikali kuruhusu mwaka 2021. Kisa chote nimekitunga kwa beti za utenzi, isipokuwa sehemu ambazo vina vilinikatalia nikaziacha huru. Beti zimepita mia sita.

Mswada niliupeleka kwa mchapishaji mmoja Dar es Salaam. Mhariri alinipokea vizuri, akasema kisa kimemgusa, ila vijana hawanunui mashairi. Akaniambia nichague moja kati ya mawili: nikiandike upya kwa nathari, yaani maandishi ya kawaida yasiyo ya beti, kiwe riwaya fupi, au niteue mashairi kama arobaini tu yawe diwani. Kilivyo sasa, hajui akiweke kwenye fungu gani.

Nikampa mzee mmoja mshairi ninayemheshimu kama baba yangu. Naye akaja na lake. Kwanza, zile sehemu zisizo na vina ni uvivu mtupu. Pili, habari za maziwa ya uzazi na damu haziingii kwenye utenzi, kwa sababu utenzi una adabu yake.

Waliobaki upande wangu ni wanafunzi. Nawasomea beti chache Ijumaa kipindi cha mwisho, muda ambao kwa kawaida watoto wameshafunga mabegi. Kengele ikilia wanabaki wananiuliza, "Madam, kwa hiyo ikawaje?"

Nimesikia Marekani kuna waandishi wanaotunga riwaya nzima za vijana kwa mashairi na wanaishi kwa kazi hiyo. Nami nimeanza kuwaza kuacha ualimu mwakani ili niandike tu. Mama hataki hata kulisikia hilo. Anauliza ni mshairi gani nimewahi kumwona akijenga nyumba.

Shangazi, nikubali nathari? Nifuate vina kila mahali kama anavyotaka mzee? Na kazi niache au nisiache? Nakuwekea beti mbili za mwanzo uone mwenyewe:

Siku hiyo asubuhi
Nalijawa na furahi
Nikaona ni sahihi
Kurudi tena shuleni.

Maziwa yanavujia
Kitabu nashikilia
Kifuani kuzuia
Mwalimu asibaini.

Wako,
Mtunzi wa Muheza

*

Marahaba mwanangu.

Usiuvunje. Nalitanguliza hili kwa sababu naona kwenye barua yako umeshaanza kulegea, na mhariri mwenye maneno mazuri ni hatari kuliko mwenye maneno makali. Alikuwa na haki ya kusema hajui auweke wapi kwenye orodha yake. Lakini hilo ni tatizo la orodha yake. Kisa kirefu kinachosimuliwa kwa beti, chenye wahusika, mgogoro na mwisho, ni miongoni mwa fasihi andishi kongwe kabisa tuliyo nayo kwa Kiswahili. Bwana Mwengo wa Athumani alitunga Chuo cha Herekali huko Pate mwaka 1728, beti zaidi ya elfu moja za vita, wafalme na mapigano, karne mbili kabla Waswahili hawajaanza kuandika riwaya za nathari. Habari za Fumo Liyongo na sindano ya shaba iliyomuua, ambazo kila mtoto wa pwani anazijua, Muhammad Kijumwa wa Lamu alizipanga kwa utenzi mwaka 1913. Shaaban Robert, jirani yako wa Tanga, alipotaka kusimulia Vita Kuu ya Pili hakutumia nathari japo aliimudu kuliko wengi. Alitunga utenzi.

Kwa hiyo mhariri akikuuliza tena hiki ni kitu gani, mjibu bila kuona haya: ni utenzi wa kisa, kwa ajili ya vijana. Neno analo tayari. Asilokuwa nalo bado ni ushahidi kwamba vijana watausoma, na huo unao wewe, uko darasani kwako Ijumaa kipindi cha mwisho. Nitaurudia huko chini kwa sababu naona ndiko riziki yako iliko.

Kuhusu hao wa Marekani, ni kweli wapo, na inafaa ujue walifikaje, maana habari zikivuka bahari huwa zinafika na mafanikio tu. Riwaya ya beti kwa vijana ilipata heshima kubwa kule mwaka 1998, Karen Hesse alipopewa Nishani ya Newbery, tuzo kubwa ya Marekani ya vitabu vya watoto, kwa kisa cha binti wa Oklahoma enzi za ukame na vumbi la miaka ya 1930. Kwame Alexander aliipata nishani hiyohiyo mwaka 2015 kwa kisa cha mapacha wawili wacheza mpira wa kikapu, mswada ambao wachapishaji wengi walikuwa wameukataa. Nacho hakikuwa kitabu chake cha kwanza. Alikuwa ameshatunga, ameshachapisha na ameshazunguka shule nyingi akisoma mashairi. Elizabeth Acevedo alitwaa Tuzo ya Taifa ya Vitabu mwaka 2018. Kabla ya hapo alikuwa mshairi wa jukwaani, na aliwahi kuwa mwalimu kama wewe, akifundisha watoto ambao wengi wao hawakujiona kwenye vitabu walivyopewa.

Wawili hao wa mwisho, kabla ya kuwa na wasomaji, walikuwa na wasikilizaji. Sauti ilitangulia, kitabu kikafuata. Na huko wana msaada ambao sisi bado hatuna kwa kiasi hicho: maktaba za shule na za mitaa zinazonunua kitabu cha kijana kwa wingi kila mwaka. Huku kwetu kitabu kinachouzwa sana ni kile ambacho shule imeambiwa ikinunue. Tanzania mlango huo uko kwa Taasisi ya Elimu, Kenya uko kwa taasisi ya mitaala, KICD. Ukiingia kwenye orodha, umeingia. Usipoingia, unauza kimoja kimoja. Lijue hili mapema ili usije ukaacha mshahara kwa kuhesabu soko la watu wengine.

Sasa tuje kwenye beti zako, maana nimezisoma mara nyingi kuliko barua yenyewe.

Ubeti wa pili ni mzuri mno. Msichana yuko darasani, maziwa yanamtoka, ameshika kitabu kifuani mwalimu asijue. Hakuna neno hata moja linalotuambia anaona aibu, na aibu yote ipo. Mizani minane kila mstari, vina vimekaa, hakuna kilicholazimishwa. Kijana wa miaka 15 akisikia mistari hii hahitaji kufafanuliwa. Na hapo ndipo sababu ya kuandika kisa hiki kwa beti inapojieleza. Ukiupeleka huo ubeti kwenye nathari utahitaji aya nzima: somo lilikuwa gani, sare ilikuwa ya rangi gani, alijisikiaje. Utakuwa umeeleza zaidi na msomaji amepata kidogo. Kuna riwaya ya beti ya Jason Reynolds, ya mwaka 2017, ambamo kijana anaingia kwenye lifti na bastola kiunoni kwenda kulipiza kisasi cha kaka yake, na karibu kisa chote kinatokea lifti ikiwa inashuka, muda wa kama dakika moja. Nathari isingeweza kuikalisha dakika moja kitabu kizima bila kuchosha.

Ubeti wa kwanza, mwanangu, ufute. "Furahi" si jina, jina lake ni furaha, na umelikata mkia ili lifanane na asubuhi. Limekaa pale kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba. "Nikaona ni sahihi" haisemi kitu, imekuja kujaza mizani. Na "nalijawa" umeitoa kwa wazee ukidhani utenzi hauwezi kwenda bila lugha ya kale. Msichana wako ni wa Muheza, mwaka 2021. Aseme kama wa Muheza. Arudhi, yaani kanuni za utunzi wa mashairi, inadai mizani na vina, haikudai popote uache kusema kama watu wa wakati wako. Hao waliotunga zamani kwa Kipate na Kiamu, lahaja za Pate na Lamu, walikuwa wanaandika lugha ya nyumbani kwao, ile waliyoamkia. Na wewe andika ya kwenu.

Kwa hiyo kitabu kianze na maziwa. Halafu pitia beti zote mia sita kwa swali hilohilo: mstari huu umekuja kwa sababu ya kisa, au umekuja kwa sababu ya kina? Wa kina uondoke. Nina hakika zitapungua nyingi. Usiogope, msomaji wako ni mtoto wa shule anayesoma kwenye daladala, na nafasi nyeupe kwenye ukurasa ni rafiki yake. Wengi wao ushairi umewatisha kwa sababu wanakutana nao kwenye mtihani tu: taja bahari (aina ya shairi), hesabu mizani, onyesha kina cha kati. Anayewahi kulia au kucheka kwa shairi darasani ni nadra. Kitabu chako kinaweza kuwa cha kwanza kumfanyia hivyo mtu, na hilo pekee linatosha nikuombe usikiuze kwa bei ya nathari.

Kwa yule mzee nina majibu mawili yanayopishana, na naomba uyapokee yote.

Kwenye uvivu, kwa jinsi ulivyoniandikia, amekukamata. Umesema mwenyewe vina vilikukatalia ukaziacha sehemu hizo huru. Hiyo si sababu. Mashairi huru yana kazi yake na yana heshima yake: Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974 alishambuliwa na wanamapokeo, wale wanaodai vina na mizani, kwa miaka, na leo Kichomi kinafundishwa vyuo vikuu. Lakini Kezilahabi aliviacha vina kwa makusudi, na makusudi hayo yanaonekana kwenye kila mstari. Nawe kila unapotoka kwenye utenzi uwe na sababu ambayo msomaji ataihisi hata asipoweza kuitaja. Kwa mfano, usiku wa uchungu: msichana hawezi kupumua, basi mizani ivunjike, mistari iwe ya neno moja moja. Au siku anayoitwa ofisini kwa mwalimu mkuu na hawezi kujibu: ukurasa ubaki karibu mtupu. Mama yake akimwandikia barua, mpe shairi la tarbia, yaani la mistari minne kwa ubeti, mizani kumi na sita kila mstari, kwa sababu huyo ni mtu mzima mwenye neno lililopangwa. Ujumbe wa simu kutoka kwa rafiki uwe kama ujumbe wa simu. Hapo kila bahari itakuwa na mwenyewe, na kijana atatambua nani anasema kabla hajaambiwa jina. Zile sehemu ulizoshindwa tu, kaa nazo tena mpaka zikubali.

Kwenye adabu, simfuati hata kidogo. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimwambia namna ya kujitunza mwili, kujipaka manukato, kutia hina na kuishi na mume. Mama anamsemesha msichana mambo ya mwili wake kwa beti, na utendi huo ndio tunaoutaja kila siku kama kilele cha adabu. Mwili wa mwanamke ulikuwa ndani ya utenzi tangu zamani. Kisichokuwa na adabu ni kumfukuza mtoto shule kisha tukaona haya kusoma yaliyompata. Msichana anayenyonyesha huku anafanya hesabu yupo kwenye shule zetu sasa hivi, na hajawahi kuandikiwa kitabu cha kumtosha. Maneno yachague kwa uangalifu, ndiyo, maana kitabu kitapita mbele ya kamati na wazazi. Ukweli wake usiupunguze. Mpe mkunga mmoja asome zile sura za uzazi, akwambie kama kuna ulipokosea.

Kazi usiache. Hili nalijibu kwa mkato kwa sababu hesabu yake ni fupi. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 10,000 na mkataba unakupa mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, wa asilimia 10. Nakala elfu moja zikiisha, umepata milioni moja, na nakala elfu moja za kitabu kisicho cha mtaala zinaweza kuchukua mwaka au zaidi. Mama yako kwenye hili yuko sawa. Ila kuna jambo ambalo yeye halioni na wewe pia naona umelipita: hiyo shule unayotaka kuikimbia ndiyo karakana yako. Mshairi gani mwingine ana vijana wa rika la msomaji wake wanaomkalia mbele kila wiki na hawajui kudanganya kwa heshima? Wanapochungulia dirishani, weka alama pembeni ya ubeti. Wanapouliza ikawaje, weka alama nyingine. Hakuna mhariri atakayekupa uhariri wa namna hiyo.

Kisha toka nje ya shule yako. Ongea na walimu wa Kiswahili wa Tanga mjini, Korogwe, Pangani, uombe kipindi kimoja usome. Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, shule na taasisi zinatafuta watu wa kupanda jukwaani, nawe una kitu kirefu cha kusimulia wakati wengine wanakuja na shairi la kusifu lugha. Mwanzoni hutalipwa, baadaye watakupa nauli, baadaye watakupa bahasha. Andika kila mahali ulikosoma, walikuwa wangapi, waliuliza nini, walimu walisema nini. Ukirudi kwa mchapishaji na daftari hilo, kauli kwamba vijana hawanunui mashairi itabidi aitetee mbele ya majina ya shule zilizokuomba urudi.

Kuna mlango mwingine usioupitia kwa mhariri kwanza. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa 2023, ina fungu la ushairi. Mshindi wa kwanza alipewa milioni 10 na mswada unachapishwa kwa gharama ya serikali. Ipo pia Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, nayo hupokea miswada ya ushairi ambayo haijachapishwa. Peleka kwenye ushairi, usiende kwenye riwaya, kwa sababu huko ndiko waamuzi watakaoujua utenzi wakiuona. Masharti yasome ya mwaka huohuo unaotuma. Na usitume huu ulionao sasa. Tuma ule utakaobaki baada ya kufuta.

Siku mkataba ukija, hata kama ni kwa yule mhariri wa kwanza, usome kwa kalamu. Angalia mrabaha unahesabiwa kwenye bei ya jalada au kwenye kile anachobaki nacho mchapishaji baada ya punguzo la wauzaji, maana tofauti yake ni kubwa. Angalia kitabu kikiisha sokoni na yeye hataki kukirudia, haki zinarudi kwako baada ya muda gani. Mswada usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla hujaanza kuusambaza. Na kuna kifungu ambacho waandishi wa nathari hukiachia bila kufikiri, wewe usikiachie: haki ya kusoma kwa sauti, kurekodi, kutangaza redioni na kupandisha jukwaani. Kwa mtu anayetunga utenzi hiyo ni nusu ya mali yake. Iandikwe wazi kwamba inabaki kwako, na mchapishaji akiitaka, ailipie peke yake.

Shangazi